Walipousafisha udongo kupita kiasi: historia ya mazao ya kufunika bustani wakati wa baridi

Umeshavuna bustani yako, na kwa miezi minne ijayo hutapanda chakula humo. Utaifanyaje? Wengi tungeiacha wazi, tukisema inapumzika. Wakulima wa Italia ya kale walikuwa na jibu lingine: panda kitu ambacho huna mpango wa kukila.

Cato, Mrumi aliyeandika kitabu cha kilimo yapata mwaka 160 kabla ya Kristo, anataja mimea mitatu inayolirutubisha shamba: lupini, maharage ya faba na vechi, mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau. Yote mitatu ni jamii ya kunde. Karne mbili hivi baadaye, Columella akaongeza maelekezo. Kama ardhi yako imechoka, panda lupini katikati ya Septemba, kabla ya baridi, halafu ikate na kuifukia. Lini hasa? Angalia maua, anasema. Kwenye udongo wa kichanga, ifukie inapotoa maua ya pili, ingali laini, ili ioze haraka. Kwenye udongo mzito, subiri maua ya tatu, ikomae kidogo, ili mashina yake yausaidie udongo usishikamane.

Ushauri mzuri. Lakini kwa nini unafanya kazi? Hapo dunia ilisubiri takriban miaka 1,800.

Mwaka 1838 Mfaransa Boussingault alitoa matokeo ya kushangaza. Alikuwa ameotesha klova na njegere kwenye mchanga usio na mbolea, akapima naitrojeni mwanzoni na mwishoni. Iliongezeka. Kwenye ngano haikuongezeka. Sasa, naitrojeni hiyo ya ziada ilitoka wapi? Hewani? Wakubwa wa kemia wa wakati huo hawakukubaliana.

Basi Lawes na Gilbert, wenye kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, wakaamua kumaliza ubishi. Kuanzia 1857, pamoja na Mmarekani Evan Pugh, walifanya jaribio lililopangwa kwa umakini mkubwa. Udongo waliuchoma kwa moto mkali ili usibaki na uchafu wowote. Mimea wakaifunika kwa vioo. Jibu lao: mimea haichukui naitrojeni ya hewani, mikunde ikiwemo.

Unaona tatizo lilipo? Moto ule ulioondoa uchafu uliua pia viumbe hai vyote vya udongoni. Jaribio lilikuwa safi sana, na usafi wenyewe ndio ulioficha jibu.

Mwaka 1886 huko Berlin, Mjerumani Hellriegel alieleza kazi aliyoifanya na mwenzake Wilfarth. Walipanda njegere kwenye mchanga uliosafishwa kwa joto. Zikadumaa. Wakazimwagilia maji yaliyochanganywa na udongo kidogo wa shambani, zikachangamka na kuota vinundu kwenye mizizi. Maji hayohayo yakichemshwa kwanza, hayakusaidia kitu. Kumbe kilichokuwa kinafanya kazi kilikuwa hai! Miaka miwili baadaye, Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria wenyewe kutoka kwenye vinundu. Mmea huwapa bakteria sukari, nao huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea.

Historia hii inakusaidia kuchagua mbegu. Ukiishi penye baridi kali, mazao ya kufunika udongo yapo ya makundi mawili. Vechi na klova huongeza naitrojeni. Nafaka kama rai, ambayo ni ndugu wa ngano, haziongezi, ila mizizi yake hunasa naitreti iliyobaki baada ya mavuno, ambayo mvua za majira ya baridi zingeizamisha chini kabisa. Kwa hiyo, kama bustani ilipata mbolea nyingi mwaka huu, panda rai. Kama udongo umechoka, panda vechi, au uchanganye vyote viwili. Na kama vechi haijawahi kuota hapo, tafuta mbegu iliyopakwa bakteria wake. Bakteria hawa wana wenyeji wao: wa vechi huelewana na njegere na faba, lakini si na lupini.

Panda mwezi mmoja au zaidi kabla ya barafu. Masika yakifika, fuata jicho la Columella. Vechi ikate inapochanua. Rai usiiache ifike huko, kwa sababu mashina yakishakuwa magumu, vijidudu vinavyoyaozesha huazima naitrojeni ya udongo na kuinyima mboga yako. Baada ya kufukia, ngoja wiki mbili au tatu ndipo upande.

Utasema, mimi niko Dodoma, barafu naijulia kwenye friji. Sawa, lakini nasi tuna msimu wetu wa kupoteza. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Muguga, Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokauka ukilowana ghafla, vijidudu huamka kwa kishindo na kuachia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Yaani mvua za kwanza ndizo zenye utajiri, na ndizo huukuta udongo ukiwa mtupu. Fiwi au mbaazi iliyovumilia kiangazi inakuwa tayari na mizizi chini inayosubiri.

Msimu huu ng'oa taratibu mche mmoja wa kunde na upasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, bado hawajaanza au wameshamaliza.