Kusoma Majiranukta kwa Kifaa cha GPS: Mwongozo kwa Wasafiri wa Mkoa wa Ruvuma

Kifaa cha GPS cha mkononi, ambacho kwa miaka mingi kilionekana mikononi mwa wapima ardhi, wanajeshi na watafutaji wa madini pekee, sasa kinabebwa pia na wapanda milima, waendesha baiskeli, waongoza watalii na familia zinazotembelea vivutio vya Mkoa wa Ruvuma. Kuanzia milima ya Matogoro iliyo jirani na Manispaa ya Songea, ambako Mto Ruvuma unaanzia, hadi fukwe za Mbamba Bay katika Ziwa Nyasa, kifaa hicho kinaweza kumrudisha mtu alikotoka hata pale ambapo simu haina mtandao. Hata hivyo, kinachoonekana kwenye skrini ni namba, na namba hiyo ikisomwa vibaya au ikitajwa nusu, waokoaji wanaweza kupelekwa makumi ya kilomita mbali na mtu anayewasubiri.

Mfumo wa GPS unamilikiwa na kuendeshwa na Serikali ya Marekani. Satelaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ulitangazwa kukamilika mwaka 1995. Satelaiti zisizopungua 24 huizunguka dunia mara mbili kwa siku, zikiwa katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya atomiki na hutangaza wakati wote saa iliyopo pamoja na mahali ilipo. Kifaa kilicho mkononi hupokea matangazo hayo, hupima kila moja limechelewa kiasi gani kufika, na kutokana na kuchelewa huko hukokotoa umbali. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hugeuka kosa la mita 300 ardhini. Ndiyo sababu kifaa huhitaji satelaiti nne: tatu zingetosha kubaini mahali kama saa yake ingekuwa sahihi kama ya atomiki, lakini saa ya kifaa cha mkononi ni ya kawaida, na satelaiti ya nne huisahihisha.

Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Baada ya kizuizi hicho kuondolewa, kifaa cha kawaida kikiwa mahali pa wazi hukosea kwa mita 5 hadi 10. Vifaa vingi vya sasa hupokea pia mifumo ya Ulaya, Urusi na China, jambo linalosaidia sana kwenye mabonde.

Yapo mambo mawili ambayo watumiaji wapya huyachanganya. La kwanza ni kudhani kuwa GPS huhitaji intaneti. Haihitaji, na hata simu janja isiyo na bando hupokea mawimbi ya satelaiti. Kinachokosekana ni picha ya ramani tu, ikiwa haikupakuliwa kabla ya safari. La pili ni la hatari zaidi: wapo wanaoamini kwamba mtu mwenye GPS anaonekana mahali fulani kwenye mtambo wa Serikali au wa kampuni. Kifaa cha kawaida hupokea tu, hakitumi chochote. Aliyepotea Matogoro akiwa na GPS mfukoni hajulikani alipo hadi yeye mwenyewe aseme.

Kabla ya kuondoka, kifaa kiwashwe mahali pa wazi na kiachwe kimetulia kwa dakika kadhaa, hasa kikiwa kimesafirishwa kutoka mbali, kwa mfano Dar es Salaam, kikiwa kimezimwa. Kinahitaji muda wa kupokea taarifa za satelaiti zilizopo juu ya anga la eneo jipya. Skrini ikishaonyesha kwamba mahali pamebainika, msafiri ahifadhi nukta ya mwanzo: lilipoegeshwa gari, kambi, au ofisi ya kijiji. Nukta hiyo moja ina thamani kuliko nyingine zote za siku hiyo, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi kwa sababu asubuhi hakuna anayejiona amepotea. Inafaa pia kuwasha kumbukumbu ya njia, ili wakati wa kurudi kifaa kionyeshe mapito yaleyale ya kwenda. Chini ya miti ya miombo iliyojaa majani baada ya mvua, na kwenye makorongo ya milima ya Umatengo wilayani Mbinga, mawimbi huzuiwa au hugonga miamba kabla ya kufika, na kosa huongezeka. Hapo dawa ni kusogea kwenye uwazi na kusubiri.

Kuhusu namba zenyewe, mji wa Songea upo takriban nyuzi 10 na dakika 41 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 35 na dakika 39 mashariki. Kifaa kilichopangwa kuonyesha desimali kitaandika mahali hapohapo kuwa 10.683 na 35.650. Kwa kuwa uzi mmoja una dakika 60, dakika 41 ni sawa na 0.683 ya uzi. Mtu anayesoma "kumi, arobaini na moja" kwa simu bila kutaja kipimo, na msikilizaji akaandika 10.41, atakuwa amepasogeza mahali hapo karibu kilomita 30 kuelekea kaskazini. Kosa la neno "kusini" ni kubwa zaidi. Katika mpangilio wa desimali, latitudo za kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikiachwa, Songea huhamia magharibi mwa Ethiopia.

Mpangilio mwingine, unaopendwa na wapimaji na askari wa doria kwa kuwa hesabu zake ni za mita, huitwa UTM. Huu huigawa dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi sita za longitudo, na hapa wasafiri wa Ruvuma wana sababu ya pekee ya kuwa makini. Mpaka wa kanda ya 36 na kanda ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na mstari huo unapita kati ya mji wa Songea na mji wa Namtumbo. Anayesafiri kwa barabara kutoka Songea kwenda Namtumbo na Tunduru ataona namba ya mashariki ikipanda hadi karibu 828,000, kisha ghafla ikashuka hadi karibu 172,000. Kifaa hakijaharibika, kimevuka kanda. Lakini jozi ileile ya namba ipo katika kila kanda, na asiyetaja kanda hajataja mahali. Namba za mji wa Namtumbo zikiingizwa kwenye ramani kwa kanda ya 36 badala ya 37, nukta huangukia kaskazini mwa Zambia, zaidi ya kilomita 600 kutoka Namtumbo.

Wanaotumia ramani za karatasi wana jambo moja la kuongeza. Ramani za topografia za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo, yaani datamu, unaoitwa Arc 1960, ilhali GPS hutumia msingi wa WGS 84. Nchi sasa ina mfumo mpya wa marejeo, TAREF11, lakini ramani za zamani bado zinatumika. Tofauti ya Arc 1960 na WGS 84 katika eneo hili ni takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Mita 300 si kitu kwa anayetafuta kijiji. Kwa anayetafuta kivuko cha mto au njia ya kushukia korongo, ni tofauti ya kufika na kutofika. Vifaa vingi vya mkononi vina orodha ya datamu kwenye mipangilio. Mwenye ramani ya karatasi achague Arc 1960, na anapotoa majiranukta kwa wengine arejee WGS 84.

Kifaa kinapoelekeza, huchora mstari ulionyooka. Hakijui kwamba kati ya nukta mbili kuna bonde, mashamba ya ngoro yaliyochimbwa ubavuni mwa mlima, au mto uliojaa. Umatengoni kilomita mbili za skrini zinaweza kuwa saa kadhaa za kupanda na kushuka, na katika miezi ya mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kijito kilichovukwa kwa mguu asubuhi huenda kisivukike jioni. Mwenyeji anayeijua njia bado ni bora kuliko mshale wa kifaa.

Tahadhari maalumu inahitajika kusini mwa mkoa. Sehemu kubwa ya mpaka wa Tanzania na Msumbiji ni Mto Ruvuma, ambao mtu yeyote anauona. Upande wa magharibi, kuelekea Ziwa Nyasa, mpaka huacha mto na kufuata mstari wa latitudo ya takriban nyuzi 11 na dakika 34 kusini. Mstari huo hauna mto wala safu ya milima ya kuuonyesha, na mtembea kwa miguu anaweza kuuvuka bila kujua. GPS husaidia kutambua kwamba mpaka uko karibu, lakini si mwamuzi wa mpaka: mstari uliochorwa kwenye ramani ya kifaa unaweza kuwa umepotoka. Anayetaka kuvuka apite kituo rasmi, kama cha Mkenda wilayani Songea.

Vivyo hivyo, kuwa na kifaa hakumpi mtu kibali. Kuingia katika misitu ya hifadhi, ikiwemo ya Matogoro, kunasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na maeneo ya wanyamapori yana taratibu zake. Katika ushoroba unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, unaopita wilaya za Namtumbo na Tunduru, zipo jumuiya za hifadhi za wanyamapori kama Mbarang'andu na Nalika. Askari wa vijiji wanaolinda maeneo hayo hupata mafunzo katika chuo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo, na kwao GPS ni daftari la doria: mtego ulionaswa wapi, tembo walipita wapi, lini. Mgeni anayekutana na tembo anaombwa asisambaze majiranukta kwenye mitandao ya kijamii. Picha iliyopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake majiranukta ya mahali ilipopigwa, na taarifa inayomfurahisha mtalii humfaa jangili pia.

Betri ndiyo mwisho wa kila ujanja. Msafiri abebe betri za akiba, aandike nukta muhimu kwenye karatasi, na amwachie mtu mjini jina la njia atakayopita na saa anayotarajia kurudi. Akipotea na akapata mtandao, simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Baada ya kutaja jina na idadi ya watu alio nao, asome majiranukta tarakimu moja moja, ataje neno kusini na neno mashariki, aseme kama ni desimali au dakika, na kama ni UTM aanze na kanda. Kisha amwombe aliyepokea simu amsomee tena alichoandika, na asiondoke alipo.