Kompyuta Mpakato ya Linux Chuoni: Historia ya Uchaguzi Mgumu

Kompyuta mpakato, yaani kompyuta kamili ambayo skrini, kibodi na betri yake vimeunganishwa katika umbo moja linalokunjwa na kubebeka, ilianza kuzoeleka vyuoni takribani wakati uleule Linux ilipokuwa ikisambaa miongoni mwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Linux ni kiini cha mfumo endeshi, maana yake ni programu ya msingi inayogawa kazi kwa prosesa, kumbukumbu, skrini na vipuri vingine vyote, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Viwili hivi vilikua pamoja bila kuelewana, na mwanafunzi aliyevitaka vyote alilazimika kuchagua mashine kwa uangalifu ambao mnunuzi wa kawaida hakuuhitaji. Historia ya uchaguzi huo inaonyesha kwamba kilichoamua mashine ipi inafaa hakikuwa kasi wala bei peke yake, bali kadiri watengenezaji wa vipuri walivyokuwa tayari kueleza hadharani jinsi vipuri vyao vinavyofanya kazi.

Wazo la kompyuta ya kubebwa na mwanafunzi ni la zamani kuliko mashine zenyewe. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani Alan Kay alieleza kifaa alichokiita Dynabook, ambacho mtoto angekibeba kama daftari, lakini teknolojia ya wakati huo haikuweza kukitengeneza. Mashine za kubebeka zilipofika sokoni, zilikuwa nzito: Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa takribani kilo 11 na ilitegemea umeme wa ukutani. GRiD Compass ya mwaka 1982 ilileta umbo la kukunjwa ambalo limebaki hadi leo. Na Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ikapunguza uzito hadi takribani kilo 4. Mwaka 1993 tawi la Crookston la Chuo Kikuu cha Minnesota lilianza kumpa kila mwanafunzi kompyuta mpakato, hatua iliyoonyesha kwamba chombo hicho kilikuwa kimeanza kuhesabiwa pamoja na vitabu na kalamu.

Kwa upande wa programu, Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983 kwa nia ya kuunda mfumo endeshi huria, na mwaka 1987 Andrew Tanenbaum wa Amsterdam akatoa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa akiitumia Minix, alitangaza kiini chake mwezi Agosti 1991, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU, inayomtaka anayesambaza programu iliyorekebishwa aitoe pamoja na msimbo wake. Kiini hicho kiliandikwa juu ya kompyuta ya mezani, na jambo hilo lilikuwa na athari ya muda mrefu, kwa sababu katika kompyuta ya mezani kadi isiyokubali hung'olewa na kuwekwa nyingine, ilhali katika kompyuta mpakato sehemu kubwa ya vipuri imechomelewa kwenye bodi kuu na mnunuzi huichukua mashine jinsi ilivyo.

Ugumu ulikuwa katika draiva, yaani programu ndogo inayokiwezesha kiini kuwasiliana na kipuri fulani. Watengenezaji wengi walitoa draiva za Windows pekee na kuyaficha maelezo ya kiufundi, na wanaojitolea wa Linux wakabaki kubahatisha. Chipu za michoro za NeoMagic, zilizoenea katika kompyuta mpakato za mwishoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa mfano unaojulikana wa usiri huo. Modemu nyingi za ndani, ambazo ziliachia programu ya Windows kazi iliyopaswa kufanywa na chipu, hazikuweza kupiga simu hata moja chini ya Linux. Kiwango cha kusimamia umeme kiitwacho ACPI, kilichotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, kilikuwa kigumu kukitekeleza kikamilifu, kwa hiyo mashine iliyolazwa usingizi kwa kufungwa kifuniko huenda isingeamka tena, au ingeamka ikiwa na skrini nyeusi huku kazi isiyohifadhiwa imepotea. Kutokana na hali hiyo, watumiaji, wengi wao wakiwa wanafunzi, walianza kukusanya orodha za modeli, kila modeli ikielezwa sauti yake, kadi yake ya mtandao na tabia yake ya kulala, na orodha hizo zikawa mwongozo wa ununuzi kabla duka lolote halijatoa ushauri wa aina hiyo.

Katika orodha hizo jina la ThinkPad, kompyuta mpakato zilizokuwa za IBM, lilijitokeza mara kwa mara. Mashine hizo, zilizoanza na 700C ya mwaka 1992, zilikuwa na kibodi nzuri na mwili imara, na IBM ilichapisha miongozo ya kuzifungua na kuzitengeneza, iliyoonyesha kila skurubu na kila kipuri. Kampuni hiyo ilipoikumbatia Linux waziwazi kuanzia mwaka 2000, wahandisi wengi wa kiini wakawa wanazitumia mashine hizo wenyewe, na kasoro zake zikarekebishwa mapema. Sababu nyingine ilikuwa ya kiuchumi: ofisi zilizokuwa zikibadilisha vifaa kila baada ya miaka michache ziliziuza kwa wingi, na mwanafunzi akapata mashine ya daraja la juu kwa bei ya chini. Mkondo huohuo wa kompyuta zilizotumika, kutoka Ulaya na Dubai, ulifika katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako uimara na upatikanaji wa vipuri vina uzito mkubwa zaidi.

Miaka ya mwanzo ya karne hii ilirahisisha majaribio. Knoppix, kazi ya Mjerumani Klaus Knopper, iliwasha Linux nzima kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya mashine, na mnunuzi makini akaweza kujua kabla ya kulipa kama sauti na mtandao vinafanya kazi. Ubuntu, mkusanyo wa programu uliojengwa juu ya Linux na kuanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilituma CD za bure kwa posta, msaada ulioonekana wazi Afrika Mashariki, ambako kebo ya baharini ya SEACOM ilifika mwaka 2009 na kabla ya hapo kupakua mamia ya megabaiti kwa setilaiti kulikuwa ghali. Mwaka 2004 pia mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo mtandao usiotumia waya, ambao maktaba na kumbi za mihadhara zilikuwa zinaufunga kwa kasi, ulibaki kikwazo hadi Intel ilipoanza kutoa draiva huria za kadi zake, na tangu hapo kadi ya Intel ikawa sharti la kwanza la wanunuzi wengi.

Mwaka 2007 Linux iliingia katika soko la bei nafuu kwa njia mbili. XO, mashine ya mradi ulioongozwa na Nicholas Negroponte kwa ajili ya watoto wa shule, ilikuwa na kibodi ya mpira isiyopitisha vumbi na skrini iliyosomeka juani, na Rwanda ilisambaza zaidi ya 200,000 katika shule zake za msingi. Eee PC 701 ya Asus iliwavutia zaidi wanafunzi wa vyuo, kwa kuwa ilikuwa na uzito usiofika kilo moja, ingawa hifadhi yake ilikuwa ya gigabaiti 4 na skrini yake ya inchi 7 ilikuwa fupi kiasi kwamba kitufe cha kukubali cha madirisha marefu kilifichika chini ya ukingo, na mtumiaji akalazimika kushikilia kitufe cha Alt na kulivuta dirisha zima juu ili akifikie. Microsoft ilijibu mwaka 2008 kwa kurefusha uuzaji wa Windows XP kwa mashine ndogo kama hizo, na muda si mrefu nyingi zikawa zinauzwa na mfumo huo. Tukio hilo lilithibitisha kwamba wepesi na unafuu huvuta wanunuzi, lakini peke yake havijengi makazi ya kudumu kwa mfumo endeshi.

Mabadiliko ya miaka ya 2010 yalikuwa ya mikataba zaidi kuliko ya vipimo. Mwaka 2012 Dell ilianza kuuza XPS 13, mashine nyembamba yenye Ubuntu iliyokwisha kusakinishwa, na kwa hiyo kampuni iliyouza ndiyo iliyowajibika kwa draiva. Mwaka huohuo ulienea utaratibu wa Secure Boot, ambao kama bawabu huikataa programu ya kuwashia isiyo na saini inayotambulika, na mikusanyo mikubwa ya Linux ikalazimika kupata saini ya Microsoft ili isakinishwe bila mtumiaji kubadili mipangilio. Chromebook, zilizoanza kuuzwa mwaka 2011, zilikuwa na kiini cha Linux ndani yake, lakini hapo mwanzo zilimwachia mwanafunzi kivinjari tu, jambo lililodhihirisha kwamba kuwa na Linux na kuwa na uhuru wa kuitawala mashine ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ilirudisha sokoni kompyuta mpakato ambayo mwenyewe anaweza kuifungua na kubadilisha bodi, betri na hata matundu ya kuunganishia.

Kwa kuvitazama vipindi hivi kwa pamoja, inaonekana kwamba vigezo vinavyotajwa leo, vya uzito, muda wa betri, kadi ya mtandao, kibodi na uwezekano wa kubadilisha kumbukumbu, vilianza kila kimoja kama malalamiko ya kizazi fulani cha watumiaji, kisha vikawa busara ya pamoja. Prosesa za kisasa zimeupita kwa mbali mzigo wa kuandika tasnifu au kukokotoa takwimu, hivyo kasi imepungua umuhimu katika uamuzi. Kilichobaki na umuhimu uleule wa miaka ya 1990 ni kama kuna watu waliokwisha kuiendesha Linux juu ya modeli husika, na kama mtengenezaji aliwapa maelezo ya kutosha. Kwa sababu hiyo, modeli ya miaka mitatu iliyopita ambayo tabia zake zinajulikana mara nyingi imekuwa chaguo salama kwa mwanafunzi kuliko ile iliyotoka kiwandani mwezi uliopita.