Minyoo ya mizizi ya mgomba

Minyoo ya mizizi ya mgomba ni nematodi wasioonekana kwa macho matupu, wanaoingia mizizini, kuila na kuiozesha. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira na mitaa yake kama Nyamianda hadi bonde la Ruzizi, hauzidi sana mita 800 juu ya usawa wa bahari, hivyo una joto. Kwenye joto la namna hiyo, wa kushukiwa kwanza ni Radopholus similis, mwenye urefu wa milimita 0.7 hivi, ilhali katika baridi ya milimani hutawala zaidi Pratylenchus goodeyi.

Majani hayasemi mengi. Mgomba wenye minyoo hudumaa na mkungu wake hukonda, lakini udongo uliochoka nao hufanya vivyo hivyo. Shahidi mzuri ni anguko lenyewe. Mgomba ukilazwa na upepo, tazama kilichotoka ardhini: uking'oka pamoja na tunguu, mizizi ikiwa vipande vifupi vyeusi, shuku minyoo, ukikatika kwenye tunguu lililotobolewa mashimo, shuku fukusi. Kirusi kinachosonganisha majani kileleni, kinachojulikana sana Ruzizi, hakiangushi mgomba hivyo, wala mnyauko wa bakteria wenye usaha wa manjano.

Ili kupima madhara, huchimbwa shimo la sentimita 20 kila upande, kando ya mgomba uliochanua karibuni. Huchaguliwa mizizi mitano iliyo hai, kila mmoja hukatwa kipande cha sentimita 10 na kupasuliwa kwa urefu. Mzizi mzima ni mweupe ndani. Ulioliwa una mabaka ya wekundu wa kahawia chini ya ganda, ingawa moyo wake mara nyingi hubaki mweupe. Kila mzizi hupewa alama za madhara hadi 20, jumla 100.

Alama hizo hazitaji jina la mnyoo. Kwa hilo, mizizi hukatwakatwa na kulazwa juu ya karatasi laini ndani ya sahani ya maji usiku kucha. Minyoo hai hushuka majini, kisha hutazamwa kwa hadubini. Njia hii ni mtoto wa faneli ya Baermann ya 1917, iliyobuniwa kutafutia mabuu ya safura udongoni, maradhi ya watu na si ya mimea. Ila mizizi ikipigwa na jua njiani, minyoo hufa, haishuki, na shamba bovu huandikwa safi.