Tarikhi ya Mikopo katika Rohero

Kabla ya Wajerumani kuweka kituo chao cha askari Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na kabla ya mitaa ya Rohero mjini humo kunyooshwa na kugawanywa viwanja, biashara ya Ziwa Tanganyika ilikuwa na soko lake kuu Ujiji, na huko ndiko watu wa mwambao huu walikoonja mapema ladha ya fedha yenye gharama. Cameron, msafiri wa Kiingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, ameeleza habari za ushanga ulioitwa sofi, uliokuwa fedha ya soko, mfano wa vipande vya shina la kiko kilichovunjika: soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wakiwabadilishia wanunuzi kwa ushanga wa namna nyingine, na soko lilipofungwa wakazipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida kwenda na kurudi. Basi anayechukua leo kadi ya benki bila ya kuuliza ada ya kutoa fedha na ada ya kila mwezi, naye yu katika hali ya wale wanunuzi wa Ujiji.

Misafara ya biashara nayo ilikwenda kwa karadha. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alitolewa mtaji na Taria Topan, tajiri wa Unguja, na watu wa namna ya Taria Topan walijua kwamba pembe za ndovu hazishuki pwani kwa mwezi mmoja wala miwili, wakaupa mkopo muhula uliolingana na urefu wa safari. Jambo hili nalihesabu kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika elimu ya kukopa, nalo ndilo lililosahauliwa zaidi katika Rohero.

Wajerumani walileta rupia, na tangu 1904 heller 100 katika kila rupia. Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916 ikafuata faranga ya Kongo, na mwaka 1922 Banque du Congo Belge ikafungua tawi lake Usumbura. Lakini mji uligawanywa kwa rangi za watu: Rohero ikawa ya Wazungu na maduka makubwa, Waasia wakapewa mtaa wao, na Waswahili, ambao wengi asili yao ni Ujiji na Kongo, wakakaa Buyenzi na Belge, yaani Bwiza ya leo. Mchuuzi wa Buyenzi hakuwa na dhamana ya kuiweka juu ya meza ya benki. Mkopeshaji wake alikuwa mwenye duka, na hati yake ni daftari: jina, tarehe, doti za kanga, jumla, na mstari wa kalamu juu ya maneno hayo siku deni lilipolipwa. Riba haikuandikwa, hasa kwa kuwa wengi walikuwa Waislamu wenye kuichelea, bali bidhaa ya deni ilikuwa na bei yake na ya taslimu bei yake.

Dhiki hiyo ndiyo aliyotaka kuiondoa Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha mwaka 1957 vyama vya ushirika vya wafanyabiashara, ambavyo serikali ya Kibelgiji ilivitia mkononi mwake mwaka uliofuata. Naye akauawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya kuona uhuru, na leo jina lake limo katika barabara kuu ya Rohero, mtaa uleule ambako wafanyabiashara aliowatetea hawakukopeshwa.

Baada ya uhuru, lile tawi la zamani likawa Banque de Crédit de Bujumbura mwaka 1964, na faranga ya Burundi ikazaliwa mwaka huohuo. Karani wa serikali akaanza kuchukua avansi juu ya mshahara wake, na mwanamke wa sokoni akashika na wenzake kirimba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, ambacho hakina riba wala fomu.

Siku ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura, lililokuwa katika Rohero, liliteketea, na ndani yake bidhaa ambazo wengi walikuwa wamezinunua kwa fedha za benki. Mali iliungua asubuhi moja, muhula wa kulipa ukabaki palepale, na mtu aliyekuwa na duka usiku akaamka na deni tupu.

Sasa kadi zimeingia, na benki za Kenya na Tanzania, KCB na CRDB, zimo mjini tangu 2012. Wengi wenye kadi hutoa kwayo fedha zao wenyewe. Ile ya kukopa bado ni ya wachache. Wewe unayetaka kuichukua, waulize watu wa benki kabla ya kutia sahihi: riba ni ngapi kwa mwaka, ada ni zipi, na siku ya kulipa yaangukia kabla ya mshahara wako au baada yake, na majibu yao uyadai kwa maandishi.