Mnyama Anayezunguka: Kutoka Ormilo ya Wamaasai hadi Sungura wa Nakuru

Kabla reli haijafika Nakuru mwaka 1900, Wamaasai waliolisha mifugo kati ya maziwa ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru walikuwa tayari wanaufahamu ugonjwa wa kuzunguka, nao waliuita ormilo. Mbuzi huanza kwa kuachwa nyuma na kundi. Kichwa kinainamia upande mmoja, miguu inachora duara, na akifika kwenye ua wa boma anaugonga kana kwamba haoni. Siku moja hainuki tena. Mwenye mbuzi akimchinja na kupasua fuvu, hukuta kifuko kilichojaa maji kimeukandamiza ubongo.

Kifuko hicho ni tegu mchanga. Mbwa akila kichwa cha mbuzi aliyeugua, tegu hukomaa utumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi na kusambaa kwenye majani, na kondoo au mbuzi mwingine huyala malishoni. Ng'ombe naye huzunguka, na jina la ugonjwa hubaki lilelile, ila chanzo ni tofauti kabisa: vimelea vya Theileria, vinavyoenezwa na kupe, huifanya mishipa midogo ya damu ya ubongo izibe. Mnyama wa kwanza ana tegu, wa pili ana ugonjwa wa kupe, na kwa mtu aliyesimama mbali wote wawili wanazunguka tu.

Shida hiyo imewafuata wafugaji wa Bonde la Ufa la kati kwa zaidi ya miaka 100. Kichwa kilichopinda au miguu isiyotii hueleza kwamba ubongo, uti wa mgongo au sikio la ndani limeguswa, lakini haielezi limeguswa na nini. Mnyama wa karibuni kuingia katika historia hii ni sungura, na yeye ndiye anayechinjwa haraka kuliko wote kabla mtu hajauliza swali hilo.

Mwaka 1904 mkataba na serikali ya kikoloni uliwaondoa Wamaasai Naivasha na Nakuru, ukawasukuma Laikipia upande mmoja na kusini mwa reli upande mwingine. Ardhi yao ikapewa walowezi. Wakati huohuo mmoja wao, Lord Delamere, alipata ekari 100,000 Njoro, akaagiza kondoo wa Merino kutoka New Zealand. Majani yalikuwa mengi na ya kijani, lakini kondoo wakafa kwa wingi. Wamaasai walikuwa wakiyaepuka malisho yale, na waliokuwa na habari hizo walikuwa wamekwisha kuhamishwa.

Hata ng'ombe wa walowezi walikonda penye majani tele, wakapoteza hamu ya kula na kufa taratibu. Madaktari wa mifugo wakauita ugonjwa huo Nakuruitis, na kwa jina hilo mji wa Nakuru ukaingia kwenye vitabu vya tiba ya mifugo duniani. Jibu lilitoka mbali. Katikati ya miaka ya 1930 watafiti wa Australia walionyesha kwamba ugonjwa wa aina hiyo kwao ulitokana na udongo usio na kobalti ya kutosha, madini ambayo mnyama acheuaye huyahitaji kwa kiasi kidogo mno ili tumbo lake litengeneze vitamini B12. Nakuru nayo ilikuwa na upungufu huohuo. Ugonjwa uliomaliza mifugo kwa miaka ukawa unazuilika kwa kuchanganya kobalti kidogo katika chumvi ya kulamba.

Miguu isiyotii nayo ilihusishwa na madini: mwaka 1964 watafiti Hedger, Howard na Burdin waliandika juu ya kondoo na mbuzi wa Kenya waliopepesuka miguu ya nyuma, ugonjwa uliofanana sana na ule ambao Australia na Uingereza waliuhusisha na upungufu wa shaba. Mama anayekosa shaba wakati wa mimba huzaa mtoto ambaye neva zake hazikupata utando wa kuzikinga. Miaka ya 1980 watafiti Maskall na Thornton walipopima udongo, majani na damu ya wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, waliona kwamba hata swala pala wa hifadhini walikuwa na upungufu wa shaba. Uzio wa hifadhi haukubadilisha udongo.

Sungura alifika kwa mlango mwingine. Sungura wa kufugwa si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Aliletwa na Wazungu. Baada ya uhuru, vilabu vya kilimo vya 4-K mashuleni vilimfanya kuwa mfugo wa watoto, kwani hahitaji shamba na anakula mabaki ya sukuma wiki. Mwaka 1980 serikali, kwa msaada wa Ujerumani, ilianzisha kituo cha taifa cha kuzalisha sungura huko Ngong, na kutoka hapo New Zealand White na California wakasambaa hadi vibanda vya mbao chakavu vya Njoro, Bahati, Molo na Subukia. Mjini wapo wasiochinjwa kabisa: wamepewa majina na wanalala jikoni.

Elimu ya magonjwa yake haikusambaa kwa kasi hiyo. Mwaka 2013 Hungu na wenzake walichapisha uchunguzi wa ufugaji wa sungura katika mikoa ya zamani ya Kati, Nairobi na Bonde la Ufa, na magonjwa yakawa miongoni mwa vikwazo vikubwa vya mfugaji. Upele ni miongoni mwa yale yanayojulikana zaidi, na upele wa masikio una uhusiano na kichwa kinachopinda. Utitiri huingia sikioni, sungura hukuna, na magamba makavu ya rangi ya kahawia hujaa tabaka juu ya tabaka hadi tundu la sikio halionekani. Akiachwa hivyo, bakteria hupata njia ya kuingia ndani, na sikio la ndani ndilo linalompa mnyama usawa wa mwili. Bakteria pia huweza kupanda kutoka puani kwa sungura mwenye mafua ya muda mrefu.

Chanzo cha pili kina historia ya miaka 100. Mwaka 1922 Wright na Craighead, watafiti wa Marekani, walieleza ugonjwa wa kupooza kwa sungura wachanga na kuonyesha vimelea vidogo sana ndani ya ubongo na figo. Mwaka uliofuata, Levaditi na wenzake huko Ufaransa wakawapa vimelea hao jina la Encephalitozoon cuniculi. Wakati huo sungura alikuwa akitumiwa sana kutafuta vyanzo vya magonjwa ya ubongo ya binadamu, na vimelea hawa walivuruga majaribio mengi, maana sungura aliugua ugonjwa wake mwenyewe huku mtafiti akidhani amemwambukiza yeye.

Vimelea hutoka kwa mkojo na kuingia kwa mdomo, kwa hiyo banda linalochuruzikia vyombo vya chakula ndilo njia yao kuu. Sungura wengi huwabeba bila kuugua. Ndiyo sababu kipimo cha damu kinachoonyesha kinga dhidi yao huthibitisha tu kwamba walikutana. Hakithibitishi kwamba wao ndio waliopindisha shingo.

Tofauti huanza kuonekana kwa macho ya mfugaji mtulivu. Sungura aliyepooza ghafla miguu ya nyuma baada ya kushikwa vibaya huenda amevunjika mgongo. Mifupa yake ni myepesi, na mateke yake mwenyewe yana nguvu za kuuvunja. Aliyepinda shingo, mboni zikirukaruka kutoka upande hadi upande, huenda ana tatizo la sikio la ndani au la ubongo. Aliyedhoofika miguu kidogo kidogo huku akijikojolea anatia shaka ya vimelea. Daktari hutazama ndani ya sikio, hupapasa uti wa mgongo, hupima uzito na kuuliza kuhusu chakula, joto la banda na dawa zilizokwisha kutolewa.

Tiba ipo. Dhidi ya Encephalitozoon, madaktari hutumia fenbendazoli, dawa ya minyoo inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2001 Suter na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba inazuia na kutibu maambukizi hayo kwa sungura. Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Sungura wa kilo 2 anahitaji miligramu 40, ambazo kwa dawa ya maji ya asilimia 10 ni mililita 0.4 tu. Dawa ikizidi inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu, kwa hiyo mizani na daktari havikwepeki. Utitiri hutibiwa kwa ivamektini, nayo kwa kupimwa. Hatari kubwa dukani ni viuavijasumu: penisilini na amoksilini kwa njia ya mdomo huua bakteria wema wa tumbo la sungura na kumuua yeye mwenyewe.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kumlisha. Sungura asiyekula kwa siku moja tumbo lake huanza kusimama, na wengi hufa kwa hilo kabla ugonjwa wa kichwa haujawaua. Apewe majani mabichi mdomoni, au uji wa majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Anayebiringika awekwe kwenye kizimba kidogo chenye nyasi nyingi kavu au mataulo pembeni, maji yawe kwenye bakuli la chini. Wapo wanaopona kabisa. Wapo wanaobaki na shingo iliyopinda maisha yao yote, lakini wanakula, wanajisafisha na kukimbia. Aliyevunjika mgongo na kupoteza hisia za miguu ndiye ambaye mara nyingi kumpumzisha ni huruma.

Mikono ioshwe kila baada ya kumshika, hasa katika nyumba yenye mtu mwenye kinga dhaifu, kwa sababu Encephalitozoon huweza kumwambukiza binadamu.

Nakuru ina maabara ya kanda ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, na Njoro ina Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya ukulima. Mfugaji ambaye sungura wake amekufa akizunguka asimtupe jalalani wala kumpa mbwa. Amfunge kwenye mfuko, amweke penye baridi, ampeleke kuchunguzwa siku hiyohiyo ili ubongo, figo na masikio yatazamwe. Walimu wanaosimamia vilabu vya 4-K, ambavyo serikali ilivifufua mwaka 2021, waweke daftari la magonjwa kando ya lile la uzazi, na wawafundishe watoto kutazama masikio ya sungura kila wiki kabla ya kuwafundisha kuchinja.