Kiwambo
Watengeneza ngoma wanakijua vyema kitenzi kuwamba: ngozi huvutwa ikakazwa juu ya mzinga. Humo ndimo kilimotoka kiwambo, jina la msuli mpana unaotenga kifua na tumbo.

Ni jina zuri, ila lisimdanganye msomaji: kiwambo hakikai kimekazwa muda wote. Kikilegea hubinuka kuelekea kifuani. Kikijikaza hushuka, kifua kikapanuka, kanieneo ndani ya mapafu ikapungua, na takriban nusu lita ya hewa ikaingia kupitia puani na kooni hadi kwenye vifuko vidogo mno, ambamo oksijeni huvukia kwenye damu. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujipanua.

Na kwikwi? Ni kiwambo hichohicho, kimejikaza ghafla bila kuamriwa.