Klachi Isiyoachana

Gari la gia za mkono linapokataa kuingia gia, jibu la haraka katika gereji nyingi huwa moja: "Klachi imeisha." Kauli hiyo hubebeshwa hitilafu mbili zinazopingana, na kila moja ina tiba yake na gharama yake. Mwenye gari hulipia kushusha giaboksi na kununua diski mpya, kumbe kilichoharibika ni kipande cha mpira kinachotosha kiganjani. Istilahi sahihi ingemwokolea fedha kabla spana haijaguswa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka muda wote injini ikiwaka. Linapakana na diski ambayo mafundi wengi huiita klachi pleti. Pande zake mbili zimevishwa utando wa msuguano, na katikati imeshika meno ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Presha pleti, kwa nguvu ya springi yake, huigandamiza diski kwenye flaiwili. Mguu ukiwa nje ya pedali, vyote vitatu huzunguka pamoja na nguvu ya injini hufika kwenye matairi. Pedali ikikanyagwa, beringi husukuma springi, mgandamizo hulegea, na diski huweza kutulia hali flaiwili ikiendelea kuzunguka. Hapo ndipo gia huingia bila kelele.

Majina ya vifaa hivi hayana mgogoro. Klachi, gia, giaboksi na diski yameshazoeleka midomoni, na hakuna haja ya kuyatafutia mbadala. Kinachotutatiza ni vitenzi. Mwalimu wa udereva husema, "Kanyaga klachi, weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu." Anachoachia mwanafunzi ni pedali, na pedali ikiachiwa, diski hushika. Fundi naye akisema "klachi haiachii", ana maana kwamba diski haijitoi kwenye flaiwili hata pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini. Kitenzi kimoja kinataja mambo mawili yaliyo kinyume: mguu unapoachia, diski inashika.

Kiswahili kina njia ya kuyatenganisha, nayo ni kauli ya kutendana. Kukanyaga na kuachia tuviache kwa mguu. Kwa diski na flaiwili tuseme kushikana na kuachana. Kauli hii hudai pande mbili, na ndivyo klachi ilivyo: hakuna kushika kwa upande mmoja. Tukitaka kutaja kazi ya pedali, kauli ya kutendesha ipo tayari: pedali ikikanyagwa huachanisha, ikiachiwa hushikanisha. Mashariki ya Kongo, ambako majina mengi ya vipuri yametoka kwenye Kifaransa, vitenzi hivi vitaeleweka vilevile, kwa kuwa ni Kiswahili cha kila siku.

Sasa hitilafu zinajitenga zenyewe. Klachi isiyoshikana vizuri ni ile ambayo utando wake umelika au umelowa oili. Gia zinaingia bila shida, lakini ukikanyaga mafuta mlimani injini inapiga kelele na gari halivuti, na huenda ukasikia harufu ya kuungua. Hii ndiyo inayostahili kuambiwa imeisha. Klachi isiyoachana ni kinyume chake. Diski inaendelea kuzungushwa na injini, hivyo gia hukataa au huingia kwa kukwaruza, na rivasi mara nyingi ndiyo inayolalamika zaidi.

Kipimo chake ni chepesi. Funga breki ya mkono, zima injini, kisha jaribu gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inawaka, shaka ya kwanza iwe klachi isiyoachana. Kama klachi inasukumwa kwa mafuta, fungua kikopo chake uone kiwango, kisha chungulia chini ya gari kwenye masta ya chini, inayopokea msukumo wa pedali kupitia mafuta hayo na ambayo kwa magari mengi imefungwa nje ya giaboksi. Vuta kifuniko chake cha mpira. Mpira ukichuruzika mafuta, raba za ndani zimechoka na msukumo wa pedali unapotea njiani. Ukipampu pedali mara kadhaa na gia ikakubali, huenda kuna upepo kwenye mfumo: hewa hubanika, mafuta hayabaniki, na mguu hutumia safari yake kubana hewa. Tiba ni kubadilisha raba au masta, kujaza mafuta ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, DOT 3 au DOT 4, na kutoa upepo. Gari ambalo klachi yake huvutwa kwa kebo badala ya mafuta hukaguliwa kebo. Haya yakiwa salama, ndipo mtu afikirie diski iliyopinda au beringi iliyokufa, na kushusha giaboksi.

Istilahi hii ina mipaka yake. Gia zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, tafuta kwenye kebo au vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi. Ikikwaruza gia moja tu, yawezekana ni sinkro yake, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla ya kuumana, ambacho Cadillac ilikiingiza kwenye magari yake mwaka 1928. Gari la otomatiki likigoma kutoka kwenye P (maegesho), anza na taa za breki. Zisipowaka, swichi ya pedali ya breki inaweza kuwa ndiyo iliyofunga mkono wa gia.

Nchini Tanzania, mwaka 1967 sheria iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), na mwaka 1987 Rajmund Ohly akatoa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Kazi ya istilahi za ufundi si ngeni kwetu, lakini istilahi hukomaa inapoandikwa kazini. Walimu wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA na wenye gereji waanze na karatasi ya kazi. Badala ya "klachi imeisha", iandikwe: "Klachi haiachani. Kagua masta na mafuta kabla ya kushusha giaboksi." Fundi atakayepokea karatasi hiyo atajua pa kuanzia, na mwenye gari atajua analipia nini.